Maktaba na Mkataba: Fedha za Kujengea Matawi Mapya ya Maktaba za Umma na Hatima ya Kitabu cha Kiswahili



Awali ya yote natoa shukrani zangu za dhati kwa Idara ya Kiswahili kwa heshima iliyonipa ya kutoa mhadhara wa mwaka huu. Baadhi yenu, bila shaka, mlitarajia kwamba ningezungumzia mofolojia ya vitenzi, shamba nililolilima kwa zaidi ya miaka thelathini. Nawaombeni radhi. Leo nitazungumzia fedha, saruji na mishahara. Nitajaribu kuonyesha kwamba kwa mtu aliyeifanya lugha ya Kiswahili kuwa kazi ya maisha yake, mambo hayo hayafai kuachiwa wahasibu na makandarasi peke yao.

1.0 Utangulizi: Swali la Ufunguo

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilialikwa katika mji mdogo nilikozaliwa kuwa mgeni rasmi katika harambee ya kujenga tawi la maktaba. Mji huo sitautaja, wala sitaitaja ofisi iliyohusika. Watu walijitokeza kwa wingi. Waliokuwa na fedha walitoa fedha. Wasiokuwa nazo walitoa matofali, mchanga na nguvu zao. Mama mmoja muuza vitumbua aliweka mezani mauzo yake ya siku nzima, sarafu zikiwa bado na unga. Mimi nilitoa hotuba ya dakika arubaini kuhusu faida za kusoma. Nilipigiwa makofi.

Jengo lilipanda hadi kwenye lenta, likasimama miaka miwili, kisha akapatikana mfadhili wa kuezeka. Likafunguliwa kwa ngoma. Rafu zilijazwa vitabu vya msaada, vingi vikiwa vya kiada vya nchi za mbali, katika lugha ambayo wasomaji wengi wa mji ule hawakuimudu. Kijana mmoja wa kujitolea aliwekwa kuliangalia. Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa kijana yule alipata kazi ya mshahara kwingine, na mlango ukafungwa. Niliporudi kwa msiba wa ndugu yangu, nilikuta jengo lile linahifadhi viti na maturubai ya shughuli. Yule mama muuza vitumbua, ambaye sasa alikuwa mzee, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, kile chumba chetu cha vitabu, ufunguo anao nani?"

Nilimjibu kwamba sikujua. Ndilo jibu la aibu kuliko yote niliyowahi kutoa katika maisha yangu ya ualimu, kwa sababu swali lile nilipaswa kuliuliza mimi, tena siku ile ya harambee, kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Katika dakika zangu arubaini sikutamka hata sentensi moja kuhusu nani angemlipa mkutubi. Mhadhara huu ni jaribio la kumjibu mama yule kwa kuchelewa.

2.0 Neno na Jambo

Niruhusuni nianzie pale ninapopajua. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu maneno kadhaa yenye mzizi mmoja wa konsonanti tatu, k-t-b, wenye maana ya kuandika: kitabu, katibu, mkutubi, maktaba na mkataba. Maneno haya ni ndugu, lakini hayakulelewa kwa namna moja. Neno kitabu liliingia na silabi ki- ambayo katika Kiarabu ni sehemu ya shina. Wasemaji wetu waliisikia kama kiambishi cha ngeli, wakatupatia vitabu, na hivi leo hakuna mtoto anayeshangaa. Neno maktaba halikupata bahati hiyo. Lina ma- ambayo si kiambishi cha wingi: hatusemi "ktaba" moja na "maktaba" mengi. Linakaa katika ngeli ya maneno yasiyobadilika kati ya umoja na wingi, likiwa moja au mia.

Sidai kwamba asili ya neno ni hoja. Mwanaisimu anayejenga hoja ya fedha juu ya etimolojia anajenga juu ya mchanga. Hata hivyo, undugu wa maktaba na mkataba unatukumbusha jambo ambalo historia inalithibitisha: kila maktaba ya umma iliyodumu ilitanguliwa na makubaliano yaliyoandikwa, yenye pande zinazojulikana, yanayosema nani atatoa kiwanja, nani atajenga, nani atalipa mwaka hadi mwaka, na nani atashika ufunguo. Pale ambapo mkataba haukuwepo, au ulikuwa na kifungu kimoja tu cha ujenzi, maktaba iligeuka kuwa ghala.

Neno la pili la kuangalia ni tawi. Tumelitoa kwenye mti. Tawi la mti haliishi kwa ubora wa gome lake. Linaishi kwa maji yanayopanda kutoka kwenye shina kila siku. Nitakaposema "fedha za kujengea matawi", naomba tuielewe dhana hiyo kwa maana yake pana: fedha za kulichomoza tawi pamoja na fedha za kulilisha.

3.0 Mikataba Mitatu ya Ugenini

Tuangalie nchi zilizotutangulia katika jambo hili, tukianza na kosa mashuhuri. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Maktaba za Umma, iliyopiganiwa na mbunge William Ewart. Sheria hiyo iliruhusu miji yenye watu wasiopungua 10,000, baada ya theluthi mbili ya walipa kodi waliopiga kura kuridhia, kutoza nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya mali inayotozwa kodi. Fedha hiyo ingeweza kutumika kwa jengo, taa, moto wa kupashia joto na watumishi. Haikuruhusiwa kununua vitabu. Ilidhaniwa kuwa vitabu vingeletwa na watu wenye moyo mwema. Ilichukua miaka mitano tu kutambua kwamba nyumba ya vitabu isiyoweza kununua vitabu ni kichekesho. Sheria ya mwaka 1855 ikapandisha kiwango hadi peni moja na kuruhusu ununuzi wa vitabu na magazeti.

Mkataba wa pili ni wa Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyezaliwa Dunfermline, Uskochi, akatajirikia Marekani. Maktaba yake ya kwanza ilifunguliwa Dunfermline mwaka 1883, na hadi kufikia mwaka 1929 fedha zake zilikuwa zimejenga zaidi ya maktaba 2,500 duniani, nyingi zikiwa Marekani na nyingine Uingereza, Ayalandi, Kanada na kwingineko. Wengi humkumbuka kwa ukarimu. Mimi namkumbuka kwa ukali. Aghalabu mji uliotaka fedha zake ulipaswa kutoa kiwanja, na baraza lake kuahidi rasmi kutenga kila mwaka, kutokana na kodi, kiasi kisichopungua asilimia 10 ya fedha za ujenzi kwa ajili ya uendeshaji. Mji uliopewa dola 10,000 ulijifunga kutoa dola 1,000 kila mwaka. Kwa maneno mengine, ndani ya miaka kumi wananchi wangekuwa wametoa kiasi sawa na alichotoa tajiri, na baada ya hapo maktaba ingekuwa yao zaidi kuliko yake. Carnegie alitoa kuta. Vitabu na mishahara vilikuwa deni la mji. Ahadi ni deni, nao Waswahili walilisema hilo pasipo kumhitaji Carnegie.

Mkataba wa tatu ni wa karibuni, nao unatufundisha kwamba hata utajiri hauponyi kasoro ya mkataba. Mwaka 1998 wapigakura wa jiji la Seattle, Marekani, waliidhinisha hatifungani ya dola milioni 196.4 kwa ajili ya majengo ya maktaba. Kwa fedha hizo ilijengwa Maktaba Kuu mpya iliyofunguliwa mwaka 2004. Matawi mapya yalijengwa, na ya zamani yakakarabatiwa au kupanuliwa, hadi mpango ulipokamilika mwaka 2008. Lakini fedha za hatifungani ya namna hiyo ni za majengo. Haziwezi kumlipa mkutubi. Mtikisiko wa uchumi ulipobana bajeti ya jiji, mwaka 2009 mfumo mzima wa maktaba ulifungwa kwa wiki moja ili kuokoa fedha, na hali hiyo ikarudiwa kila mwaka hadi 2012. Majengo yalikuwa mapya, yaking'aa, na milango imefungwa. Agosti 2012 wananchi waliitwa tena kupiga kura, safari hii kuidhinisha kodi maalumu ya miaka saba, takriban dola milioni 123, kwa ajili ya saa za kufungua, vitabu, vifaa vya kompyuta na matengenezo. Mwaka 2019 wakaiidhinisha upya. Seattle ilihitaji kura mbili kuandika mkataba mmoja: ya kwanza ya kuta, ya pili ya uhai.

4.0 Hali Yetu ya Afrika Mashariki

Turejee nyumbani. Huduma za maktaba kwa umma katika eneo letu zina historia ambayo wanafunzi wetu wengi hawaifahamu. Maktaba ya McMillan, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, sehemu ya fedha zake zikitoka katika mfuko huohuo ulioachwa na Carnegie. Ilikuwa na jengo zuri la nguzo za mawe, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Baadaye iliwekwa chini ya Baraza la Jiji na kufunguliwa kwa watu wote. Hapa pana funzo la mkataba usio na upande wa pili: walio wengi hawakuhesabiwa kuwa wahusika, sembuse kuwa wasomaji.

Kwa Waafrika, juhudi iliyopangwa ilianza na Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948. Chombo hicho kilifanya kazi mbili ambazo baadaye tulizitenganisha kwa hasara: kilichapisha vitabu, vikiwemo vya Kiswahili, na kilivipeleka kwa wasomaji kwa njia ya maktaba, masanduku ya vitabu na posta. Aliyechapa alijua kitabu kinakwenda wapi.

Baada ya uhuru kila nchi ilijenga mfumo wake. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Desemba 1967 Rais Julius Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tuijuayo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1965. Naomba mzingatie mwaka 1967. Mwaka huohuo ambao Maktaba Kuu ilifunguliwa, Bunge la Tanzania lilipitisha pia sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Waliotutangulia waliziona nyumba ya lugha na nyumba ya vitabu kuwa kazi ya kizazi kimoja.

Mimi ni zao la kazi hiyo. Mapema katika miaka ya 1970, nikiwa darasa la sita, nilipata kadi ya tawi la maktaba la mkoa wetu. Siku moja nilikwama kwenye neno katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Mkutubi hakunipa maana yake. Alinipeleka kwenye rafu, akanikabidhi Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson ya mwaka 1935, akaniambia, "Tafuta mwenyewe." Sijaacha kutafuta mpaka leo. Lakini tazameni alichokuwa nacho mkutubi yule: jengo, mshahara, riwaya ya Kiswahili na kamusi ya Kiswahili. Kingekosekana kimoja tu kati ya vinne hivyo, pengine nisingesimama hapa.

Kizazi hicho kilifanya jambo kubwa pia katika elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kwa takwimu za serikali, kufikia mwaka 1986 walikuwa wamebaki karibu asilimia 10. Kilichofuata ndicho kinachouma. Msomaji mpya asiye na cha kusoma hurudi alikotoka. Kusoma ni kama njia ya mguu: isipopitwa huota majani. Kampeni ilimfundisha mtu kusoma. Tawi la karibu, lenye vitabu vya lugha yake, lilitakiwa kumfanya aendelee, na tawi hilo kwa sehemu kubwa ya nchi halikujengwa.

Kwa nini halikujengwa? Umaskini ni jibu la kweli, ila halitoshi. Tanzania ilizifuta serikali za mitaa mwaka 1972, na haikuzirejesha kikamilifu hadi baada ya sheria za mwaka 1982. Katika kipindi ambacho tawi la wilaya lilihitaji mzazi wa karibu, mzazi huyo hakuwepo kisheria. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliziorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, kaunti 47 zenye bajeti zake. Huo ni msingi mzuri wa mkataba, ingawa kutajwa katika Katiba hakumlipi mtu mshahara. Pale Nairobi upo mfano wa kutia moyo: tangu mwaka 2018 shirika la Book Bunk, kwa makubaliano na serikali ya kaunti, limekuwa likifufua matawi ya Kaloleni na Makadara pamoja na McMillan yenyewe. Makubaliano hayo yana pande mbili, nayo yameanzia kwenye matawi ya mitaa ya watu wa kawaida kabla ya jengo la nguzo za mawe.

Sisi wa vyuo vikuu tuna sababu ya kunyamaza kidogo hapa. Novemba 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China, inayoweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Ni neema, na naishukuru. Hata hivyo mwanafunzi anayeingia chuoni akiwa hajawahi kuazima kitabu tangu azaliwe hawezi kufanywa msomaji kwa miaka mitatu, hata tukimjengea kasri. Msomaji hutengenezwa akiwa darasa la tatu, karibu na kwao.

5.0 Tawi la Maktaba kama Soko la Kitabu cha Kiswahili

Nimefika sasa kwenye kiini cha mada yangu, mahali ambapo bajeti ya ujenzi na sera ya lugha hukutana.

Mchapishaji wa Kiswahili huishi kwa kitabu cha kiada. Riwaya, diwani, wasifu, kitabu cha sayansi kwa watoto, hivi vyote anavichapa kwa hofu, kwa sababu hajui nani atanunua. Mwandishi naye huandika kwa hofu hiyohiyo, au huacha kuandika. Nasi wanaisimu tunakaa katika kamati tukisanifu istilahi, kisha tunashangaa kwamba hazienei. Istilahi haikui kwa kuorodheshwa. Hukua kwa kusomwa ndani ya sentensi, ndani ya kitabu ambacho mtu amekichagua mwenyewe.

Wanorwei walilikabili tatizo la namna hii. Lugha yao ina wasemaji wapatao milioni tano. Tangu mwaka 1965 baraza lao la utamaduni limekuwa likinunua nakala za vitabu vipya vya fasihi ya Kinorwei na kuzisambaza katika maktaba za umma. Hapo mwanzo ilikuwa nakala 1,000 za kila kitabu kilichokubaliwa. Mchapishaji anapata uhakika, mwandishi anapata malipo, na msomaji wa kijiji cha mbali anapata kitabu mwaka uleule kilipotoka. Kwetu, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991 ulitumia busara inayofanana na hiyo: ulimhakikishia mchapishaji ununuzi wa sehemu kubwa ya nakala, ukazipeleka shuleni. Tunajua basi kwamba jambo hili linawezekana kwa Kiswahili.

Tufanye hesabu ndogo. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Tuseme kila halmashauri ina tawi moja tu lililo hai, na kila tawi linanunua nakala tano za kila kitabu kipya cha Kiswahili kilichopitishwa na kamati ya uteuzi. Hizo ni nakala 920, karibu kabisa na zile 1,000 za Wanorwei, kabla hatujahesabu kaunti za Kenya, kabla ya Zanzibar, Uganda na Kongo. Kiswahili kina wasemaji wanaokadiriwa kupindukia milioni 200, na tangu Novemba 2021 UNESCO imeitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tunaisherehekea kwa mashairi na ngoma, na ni vyema. Lakini lugha ya watu milioni 200 ambayo mwandishi wake hana uhakika wa kuuza nakala 920 ina sherehe kubwa kuliko rafu zake.

Kwa hiyo tawi jipya linapojengwa pasipo fungu la vitabu vya Kiswahili, hasara si ya mji ule peke yake. Soko la lugha nzima limepoteza nakala tano.

6.0 Vifungu vya Mkataba Ninaoupendekeza

Nimejifunza kutoa mapendekezo machache. Nina matano, nayo nayapanga kama vifungu vya mkataba kati ya wananchi, halmashauri na taifa.

Kifungu cha kwanza ni kiwanja. Hati ya kiwanja itolewe kabla ya harambee, ikitamka matumizi ya maktaba, ili asije mtu baadaye akakigeuza kuwa maegesho ya magari.

Kifungu cha pili ni jengo. Fedha ya mara moja itumike kwa kitu cha mara moja. Harambee, ruzuku ya serikali kuu, msaada wa mfadhili, hata mkopo au hatifungani ya halmashauri yenye uwezo, vyote vinafaa hapa. Na jengo liwe dogo. Chumba kimoja chenye mwanga, meza, kona ya watoto na choo kinachofanya kazi ni bora kuliko ghorofa iliyokwama kwenye lenta.

Kifungu cha tatu ni uendeshaji, na hapa naazima ukali wa Carnegie. Tofali la kwanza lisiwekwe mpaka baraza la madiwani limepitisha azimio la kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya ujenzi. Tuseme tawi limegharimu shilingi milioni 400. Basi milioni 40 kila mwaka ziwe za mkutubi, mlinzi, umeme, matengenezo na vitabu. Mtaniuliza zitoke wapi. Sheria zetu tayari zinajua kutenga: tangu mwaka 2018 halmashauri za Tanzania zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vilevile, tangu utaratibu wa kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme ulipoanza Agosti 2021, kodi hiyo imemfikia mwenye nyumba wa kawaida. Sehemu ndogo ya kodi hiyo, ikitamkwa waziwazi kuwa ni ya maktaba, ingekuwa peni yetu ya mwaka 1855. Haba na haba, husema wahenga, hujaza kibaba. Ila kibaba kiwe na jina.

Kifungu cha nne ni vitabu. Sehemu maalumu ya fungu la mwaka, ambayo mimi ningependa isipungue nusu ya fedha za vitabu, inunue vitabu vya Kiswahili. Vitabu vya msaada vipokelewe kwa shukrani na kwa kuchambuliwa. Rafu iliyojaa vitabu visivyosomeka humfundisha mtoto kwamba kusoma si kazi yake.

Kifungu cha tano ni ufunguo. Jina la mkutubi aliyeajiriwa, saa za kufungua, na hesabu ya mapato na matumizi vibandikwe mlangoni kila robo mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali pa aibu zaidi kwa mali kupotea bila daftari kuliko maktaba.

7.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza husema kwamba zama za simu na intaneti zimeyapita matawi ya maktaba. Simu ni chombo chema, nami ninayo. Lakini bando hununuliwa, na mtoto wa muuza vitumbua hasomi riwaya nzima kwenye simu ya mama yake inayongojewa na wateja. Anahitaji meza, taa na ukimya. Tena vitabu vingi vya Kiswahili, pamoja na kamusi zetu nzuri, haviko humo kwa njia halali. Tawi lenye intaneti ya bure ndilo lingeifanya simu hiyo kuwa ya manufaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: zahanati haina dawa, wewe unaomba vitabu? Silidharau. Nasema tu kwamba sisi ni taifa ambalo tayari limeonja ujenzi wa kuta zisizo na kitu ndani. Shule za sekondari za kata zilipanda kwa jasho la wananchi kabla ya walimu kupatikana. Baina ya mwaka 2012 na 2015 tuliendesha kampeni ya kujenga vyumba vya maabara, na vingi vilikamilika vikisubiri vifaa. Anayeogopa upotevu wa fedha za umma anapaswa kuwa wa kwanza kudai mkataba kamili. Gharama kubwa kuliko zote ni ya jengo lililofungwa, kwa kuwa halirudishi shilingi na halitoi msomaji.

8.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, nimesema kwamba tawi la maktaba huanza na mkataba. Kwamba mkataba wenye kifungu cha ujenzi peke yake umeshindwa Uingereza ya 1850, umeyumba Seattle ya 2009, na umeshindwa katika mji mdogo ninaoujua kwa uchungu. Na kwamba kwa Kiswahili, rafu ya tawi la wilaya ndiyo soko ambalo bila hilo sera zetu za lugha zitabaki kuwa maneno ya mikutanoni.

Wanafunzi, ninyi mtaalikwa siku moja kuwa wageni rasmi. Mtakapopewa kipaza sauti kwenye harambee ya maktaba, fupisheni habari za faida za kusoma. Watu waliotoa matofali wanazijua. Ombeni kuonyeshwa azimio la bajeti ya mwaka wa pili.

Mimi nimeiandikia halmashauri ya mji wetu, nikiambatisha rasimu ya vifungu hivi vitano na ahadi yangu ya kununua vitabu vya Kiswahili kila mwaka kwa muda nitakaokuwa hai, kwa sharti la mkutubi mmoja mwenye mshahara. Bado nangoja jibu. Jengo lipo, viti na maturubai vyaweza kuhamishwa kwa asubuhi moja. Mama yule bado yu hai, nami ningependa nitakaporudi mara nyingine niwe na jina la mtu la kumtajia anaponiuliza ufunguo anao nani.